Kifurushi cha Gari Kilipoisha

Kitufe chenyewe ni kidogo. Kiko darini, jirani na taa ya kusomea, chini ya kifuniko cha plastiki kilichowekwa ili mtoto asikibonyeze kwa mchezo. Kimeandikwa SOS, na pembeni yake kuna kitaa. Kikiwaka kijani, mfumo uko hewani. Kikiwaka chekundu, una hitilafu. Kikizimika kabisa, hakuna anayesikiliza upande wa pili.

Kwenye gari la mwandishi wa kumbukumbu hizi, mzaliwa wa Tanga anayeishi Columbus, jimbo la Ohio, kitaa hicho kilizimika katikati ya majira ya baridi. Hakikuzimwa na fundi wala na ajali. Muda wa huduma ya bure uliokuja na gari ulikwisha, barua za kumkumbusha zikaja, barua pepe zikafuata, kisha simu ya dada mmoja mwenye sauti ya upole aliyetaka kujua kama angependa kuendelea. Mwandishi akashukuru, akaaga, akaiacha tarehe ipite.

Hakufanya hivyo kwa kusahau. Alikwisha kukaa na karatasi za kampuni mezani, usiku, baada ya watoto kulala, akizisoma kama mtu anayesoma mkataba wa nyumba. Ndani ya kifurushi cha aina hii huwa kuna mambo ya uzito tofauti yaliyofungwa pamoja. Kubwa kuliko yote ni taarifa ya ajali: mifuko ya hewa ikifumuka, gari lenyewe hupiga simu kwenye kituo cha huduma na kusema liko wapi, na mhudumu huzungumza na waliomo ndani kupitia spika. Asipojibiwa, huwaita polisi na gari la wagonjwa. Kuna kitufe cha SOS cha kubonyeza mwenyewe, kuna msaada wa barabarani ukipata pancha au betri ikifa, kuna kulitafuta gari likiibwa. Juu yake hupachikwa starehe, kama kuliwasha gari kwa simu ukiwa bado jikoni ili upande likiwa na joto, au kufunga milango ukiwa kazini. Bei hutofautiana. Toyota nchini Marekani imewahi kuuza Safety Connect, yenye mambo ya usalama peke yake, kwa dola 8 kwa mwezi au 80 kwa mwaka. Vifurushi vikubwa vya makampuni mengine vimewahi kufikia karibu dola 30 kwa mwezi, na hapo ndipo mtu mwenye mkopo wa gari, bima, kodi ya nyumba na wazazi wa kutumiwa hela Tanga anapoanza kushika kalamu.

Biashara yenyewe si ngeni. General Motors ilianzisha OnStar mwaka 1996 ikishirikiana na EDS na Hughes Electronics, ikaanza kuifunga kwenye Cadillac za toleo la 1997. Simu ya mkononi wakati huo ilikuwa ya wachache na ramani ilikuwa ya karatasi, ikikunjwa vibaya na kuchanika kwenye mikunjo. Kuwa ndani ya gari, usiku, na kumpata binadamu wa kuzungumza naye kwa kubonyeza mara moja, ilikuwa huduma yenye thamani yake.

Lakini wateja wa mwanzo ndio waliogundua kwamba huduma hii inaweza kukatika hata kwa mtu asiyedaiwa senti. Vifaa vya awali vilitumia mtandao wa simu wa analogi. Serikali ya Marekani iliyaruhusu makampuni ya simu kuuzima mtandao huo kuanzia tarehe 18 Februari 2008, na OnStar ikaacha kuuhudumia tangu mwanzo wa mwaka huo. Magari ambayo vifaa vyake havikuweza kugeuzwa kuwa vya dijiti yalibaki na vitufe vyao vizuri, vinavyong'aa, visivyo na kazi. Hadithi hiyo ilirudi baadaye kwa vizazi vipya. AT&T ilizima 3G tarehe 22 Februari 2022, wenzake wakafuata, na magari ya chapa nyingi, mengine yakiwa hayajafikisha hata miaka kumi, yakapoteza simu ya ajali kwa sababu mnara uliobeba sauti yake haukuwepo tena.

Habari hizo zilimfikirisha mwandishi kuliko bei. Gari huishi barabarani miaka kumi na mitano, ishirini. Mtandao wa simu hufa mapema kuliko gari. Kwa hiyo anayenunua gari lenye kitufe darini hanunui ulinzi wa maisha ya gari. Ananunua chombo ambacho siku moja kitamtegemea mtu mwingine kuamua kama kitaendelea kusema.

Mkewe hakuvutiwa na falsafa hiyo. Yeye anahudumia wazee katika makazi ya wazee mjini Marion, zamu ya usiku, na hurudi alfajiri kwa barabara ya US 23.

"Baba watoto," alimwambia, "wewe unaendesha mchana, kwenye taa na watu. Mimi narudi gizani, barafu chini, mashamba kulia na kushoto. Nikiingia mtaroni nani atajua?"

"Simu yako itajua."

"Simu yangu ikirushwa chini ya kiti?"

Hapo mwandishi hakuwa na la kujibu upesi, na ndiyo sababu hoja hiyo ilibaki mezani muda mrefu kuliko karatasi zenyewe.

Alichokisema kuhusu simu kilikuwa cha kweli, hata hivyo. Apple iliingiza utambuzi wa ajali kwenye iPhone 14 mwezi Septemba 2022, na simu za Pixel za Google zilikuwa nao kabla ya hapo. Simu husikia mshtuko, hulinganisha mwendo na ukimya wa ghafla, kisha humwuliza mwenyewe kama yuko salama. Asipojibu, hupiga namba ya dharura na kutaja mahali. Watu wa Ohio wana kisa chao cha kuchekesha kuhusu hilo. Muda mfupi baada ya simu hizo kutoka, kituo cha dharura cha kaunti ya Warren kilianza kupokea miito ya ajali kutoka Kings Island, uwanja wa burudani ulio kaskazini mwa Cincinnati. Hakukuwa na ajali. Kulikuwa na watu wazima wakipiga mayowe kwenye vigari vya kupanda na kushuka, simu zikiwa mifukoni zikidhani mwenye nazo amegonga mti.

Kisa cha pili hakichekeshi. Tarehe 23 Februari 2023, katika kaunti ya Lake, jimbo la Illinois, mama mmoja alifika nyumbani na watoto wake wawili katika gari aina ya Volkswagen Atlas. Alipokuwa amemwingiza mmoja ndani, wezi wakalichukua gari na mtoto wa pili, wa miaka miwili, akiwa bado kitini. Mama alijaribu kuwazuia, wakamkanyaga na gari na kumjeruhi vibaya, akajikokota kupiga 911. Polisi wa kaunti walijua kuwa gari lile lina Car-Net, huduma ya Volkswagen inayoweza kusema gari liko wapi. Wakapiga simu. Kwa maelezo ya ofisi ya sherifu, mhudumu alijibu kwamba muda wa majaribio ulikuwa umekwisha, na kwamba kulifuatilia gari kungehitaji malipo ya dola 150 kwanza. Mpelelezi alimsihi, akimweleza kuwa kuna mtoto mdogo ndani. Jibu halikubadilika mpaka ilipopatikana namba ya kadi.

Mtoto alipatikana mzima, ameachwa kwenye eneo la maegesho, na waliompata hawakuongozwa na Car-Net. Volkswagen ilisema ilikuwa na utaratibu wa kuwasaidia polisi katika dharura kupitia mkandarasi wake, na kwamba siku ile utaratibu huo ulivunjwa vibaya. Miezi michache baadaye ikatangaza kuwa sehemu ya usalama ya Car-Net itakuwa bure kwa miaka 5 kwa magari yake mengi ya toleo la 2020 hadi 2023.

Ukikitazama kisa hiki kwa utulivu, unaona kitu ambacho matangazo huwa hayakisemi. Gari lile halikupoteza uwezo wowote siku muda wa majaribio ulipokwisha. Antena ilikuwa juu, modemu ilikuwa hai, mnara ulikuwa karibu. Mama yule hakuwa na gari bovu. Kilichokuwa kimefungwa ni ruhusa tu, nayo ilifungwa na sharti lililoandikwa kwenye kompyuta ya ofisini, na mtu aliyekuwa mbele ya kompyuta hiyo hakupewa, au hakujua kwamba amepewa, uhuru wa kulivuka.

Linganisha na simu. Kwa kanuni za Tume ya Mawasiliano ya Marekani, kampuni ya simu inatakiwa kuipitisha simu ya 911 hata kama inapigwa kutoka kwenye chombo ambacho hakijalipiwa kifurushi chochote. Simu ya zamani iliyotupwa kwenye droo, ilimradi ina chaji na inaelewana na mtandao uliopo, inaweza kumwita mwokozi. Gari la maelfu ya dola lililokwisha muda wa huduma laweza kukaa kimya. Mwandishi ameligeuza jambo hili kila upande na bado haoni mantiki yake, isipokuwa ya mhasibu.

Na haikulazimika kuwa hivyo. Ford, huko huko Marekani, tangu magari ya toleo la 2009 imekuwa na 911 Assist: mifuko ya hewa ikifumuka, gari huitumia simu ya dereva iliyounganishwa nalo na kupiga 911 moja kwa moja, bila ada ya mwezi. Kasoro yake ni ile ile aliyoitaja mama watoto, kwamba simu lazima iwepo, iwe imeunganishwa, na iwe imesalimika. Umoja wa Ulaya ulikwenda mbali zaidi. Tangu tarehe 31 Machi 2018, kila aina mpya ya gari dogo inayoidhinishwa kuuzwa huko lazima iwe na eCall, kifaa kinachopiga 112 chenyewe baada ya ajali kubwa. Hupeleka taarifa chache tu, zikiwemo mahali, saa, upande gari lilikokuwa likielekea, aina ya nishati yake na mikanda mingapi ilikuwa imefungwa, ili waokoaji wajue wanawafuata watu wangapi. Kwa siku za kawaida kifaa hicho hulala, hakijiungi na mtandao, hakimfuatilii mtu. Dereva halipi. Halmashauri ya Ulaya ilikadiria kwamba kingeweza kupunguza muda wa waokoaji kufika kwa asilimia 40 mijini na 50 vijijini. Hata eCall imeguswa na kifo cha mitandao ya zamani, na ndiyo maana sheria imesogezwa ili magari mapya yatumie 4G na 5G. Lakini huko mzigo wa kuhama umebebwa na sheria, na mwenye gari hatumiwi barua ya kumkumbusha kulipia uhai wake.

Sasa, kuna upande wa pili wa kuachia kifurushi kiishe, na wengi hawaufikirii. Huduma ikikatika, je, gari nalo huacha kusema?

Mwezi Machi 2024 gazeti la New York Times lilieleza jinsi General Motors, kupitia mpango wa OnStar uitwao Smart Driver, ilivyokuwa ikipeleka kwa makampuni ya LexisNexis na Verisk habari za namna wateja wake wanavyoendesha: safari ilianza saa ngapi, ilikwenda umbali gani, breki ilikanyagwa kwa nguvu mara ngapi. Makampuni hayo yaliziuza habari hizo kwa makampuni ya bima. Dereva mmoja wa Chevrolet Bolt wa eneo la Seattle aliona bima yake imepanda kwa asilimia 21 mwaka 2022, na alipoomba faili lake akakuta kurasa zaidi ya mia zinazohusu safari zake na za mkewe. GM iliacha kupeleka habari hizo mwezi huo huo. Januari 2025 Tume ya Biashara ya Shirikisho ilitangaza hatua dhidi ya kampuni hiyo, pamoja na katazo la miaka 5 la kuyapa mashirika ya kupima sifa za wateja habari za mahali na mwenendo wa dereva. Kabla ya hapo, Septemba 2023, taasisi ya Mozilla ilikuwa imezichunguza chapa 25 za magari kuhusu faragha, na hakuna hata moja iliyofaulu.

Kwa hiyo mwandishi, baada ya kitaa kuzimika, alipiga simu tena, safari hii kwa jambo jingine. Mhudumu, kama alivyofundishwa, alianza na punguzo. Miezi ya kwanza nusu bei. Mwandishi alikataa kwa adabu.

"Ninachotaka ni gari liache kutuma taarifa zangu."

Kimya kidogo, kisha sauti za vidole kwenye kibodi. "Bwana, huduma yako ilishakwisha."

"Huduma imekwisha. Modemu je?"

Alihamishiwa kwa mtu mwingine, kisha mwingine, muziki ukipigwa katikati. Mwisho alipatikana kijana aliyeelewa swali, akathibitisha kwamba huduma na utumaji wa taarifa ni mambo mawili, na kwamba la pili huzimwa kwa ombi la mwenye gari. Toyota ya Marekani, kwa mfano, huwaelekeza wenye magari wasiotaka taarifa zao zitumwe kubonyeza kile kile kitufe cha SOS na kumwambia mhudumu. Mtu anabonyeza kengele ya hatari ili aombe asisikilizwe tena. Ajabu ya karne.

Mtihani wa uamuzi wake ulikuja usiku mmoja wa baridi kali, kwenye barabara ya I-71, akirudi kutoka msibani Cleveland. Kando yake alikaa mzee wa Mombasa, jirani yake wa siku nyingi, mtu aliyeendesha malori ya mizigo ujanani na asiyetishika na kitu chenye magurudumu. Karibu na Mansfield walikanyaga chuma kilichodondoka barabarani. Tairi la nyuma likapasuka ubavuni. Gari halikuwa na spea. Kama magari mengi mapya, lilikuja na pampu na chupa ya dawa ya kuziba tundu, ambavyo kwa tairi lililochanika ubavu ni sawa na bure.

"Si ubonyeze hicho kidude hapo juu?" mzee alisema.

"Hakifanyi kazi, mzee. Kifurushi kimeisha."

Mzee alimtazama. Akakitazama kitufe. Akarudi kumtazama. "Yaani hata gari linataka bando?"

Alicheka mpaka akakohoa, na kwa muda wote waliosubiri alikuwa akilirudia swali hilo kila gari kubwa lilipopita na kuwatikisa.

Mwandishi alipiga simu kwa kampuni yake ya bima, ambayo kwa nyongeza ndogo kwenye ada ya mwaka humpa msaada wa barabarani. Kabla ya kujibiwa alikuwa amekwisha kusoma kibao kidogo cha kijani kilicho ukingoni, kile kinachotaja maili za barabara. Ni mazoea aliyoyaanza tangu kitaa kilipozimika: kila safari ndefu, jicho moja kwenye vibao hivyo. Bima ilimtumia ujumbe wenye kiungo, akakigusa, mahali pake pakaonekana kwao. Taa za tahadhari zikawashwa, abiria akahamia upande wa mbali na barabara, mkanda umefungwa. Baridi iliwaingia mifupani hata hivyo.

Dereva wa gari la kukokotea aliyefika alikuwa mtu wa maneno, na maneno yake yalimfaa mwandishi kuliko kurasa zote za mkataba. Alisema simu yake hulia kwa niaba ya kila mtu. Leo ametumwa na bima. Jana ilikuwa chama cha wenye magari. Juzi, kampuni ya gari yenyewe, baada ya mteja kubonyeza kitufe. Lori moja, dereva mmoja, foleni moja. Aliyebonyeza darini hakufikiwa mapema kwa sababu hiyo. Usiku wa theluji wote husubiri zamu yao.

Tangu hapo mwandishi amekuwa akikichambua kifurushi mbele ya yeyote anayemwuliza. Msaada wa barabarani unauzwa na watu wengi, na mara nyingi mtu huwa nao tayari kwenye bima bila kujua. Kuwasha gari kutoka jikoni ni raha, na raha mtu ajipimie. Kulitafuta gari lililoibwa kuna maana kwa anayeishi penye wizi. Taarifa ya ajali ni ya namna nyingine kabisa, na kuifungia kwenye bei moja na raha ndiko anakokulalamikia. Mtu aliyezimia hawezi kusoma kibao cha maili.

Kaka yake wa Dar es Salaam, aliposimuliwa haya kwa simu, hakuona jipya. Yeye ana Toyota Crown iliyotoka Japani, na kila asubuhi akiwasha gari, mwanamke humwambia kwa Kijapani kwamba kadi ya kulipia barabara haijawekwa. Kwa nusu ya madereva wa Dar na Mombasa sauti hiyo ni ya ndugu wa nyumbani. Redio ya gari lile ilikuwa haikamati stesheni za juu mpaka ilipowekewa kidude cha kubadilishia masafa, kwa sababu FM ya Japani huanzia 76. Betri ilipobadilishwa, redio ikadai namba ya siri ambayo mwenye nayo yuko Japani. Na baadhi ya Crown hizo zina kitufe cha dharura darini, cha huduma ya HELPNET iliyoanza Japani mwaka 2000, kilichokusudiwa kumpata mhudumu anayezungumza Kijapani kupitia mitandao ya Japani. Kilikata mawasiliano siku gari lilipopakiwa melini.

"Sisi huku vitufe hivyo ni mapambo," kaka yake alisema. "Ukipata ajali Chalinze, huduma ni watu wa Chalinze."

Alikuwa sahihi, na alikuwa anatia chumvi pia. Wenye magari ya biashara Afrika Mashariki wanavijua vifurushi hivi kwa sura nyingine: traka iliyofichwa chini ya dashibodi, ada yake ya mwaka, na kijana wa kampuni anayepiga simu ada ikikaribia kuisha. Mabasi ya mikoani Tanzania hufuatiliwa mwendo wake na LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, kwa mfumo wa namna hiyo. Na ukitaka kuona kituo cha miito kinachookoa watu bila kumwuliza mtu kadi, utakipata huko huko Tanzania. Mpango wa m-mama, uliojaribiwa kwanza Kanda ya Ziwa, humwezesha mjamzito au mama mwenye kichanga aliye hatarini kupigiwa 115, namba ya bure. Mhudumu humtafutia gari la wagonjwa, na likiwa mbali humwita dereva wa kijijini aliyesajiliwa, ambaye hulipwa kwa simu akishamfikisha hospitali. Gari la dereva huyo laweza kuwa kuukuu, bila hata kitufe cha redio.

Mkewe hatimaye aliamua mwenyewe. Gari lake linalipiwa kifurushi cha usalama peke yake, kile cha bei ya chini, kwa kadi yake, na barua ya mwaka ikija huilipa kabla mumewe hajaifungua. Mwandishi hajambishia. Barabara ya US 23 alfajiri ameipita, anaijua.

Gari lake yeye aliliuza. Kabla ya kulitoa alikumbuka jambo la Charles Henderson, mtaalamu wa usalama wa kompyuta wa IBM, aliyeeleza mwaka 2017 kwamba gari alilokuwa amekwisha kuliuza lilibaki kwenye programu ya simu yake: angeweza kujua liko wapi na hata kufungua milango yake. Kwa hiyo mwandishi alilifuta gari kwenye akaunti, akarudisha skrini ya gari kwenye hali ya kiwandani, akaondoa majina ya simu zilizowahi kuunganishwa na anwani ya nyumbani iliyokuwa kwenye ramani. Kisha akapiga simu kuhakikisha kuwa kampuni nayo imelitenga na jina lake.

Mnunuzi alikuwa kijana wa Lubumbashi anayefanya kazi ghalani. Alilizunguka gari, akainama, akapitisha kidole gumba kwenye meno ya matairi, akaingia ndani na kutazama juu.

"Kaka, hii inafanya nini?"

Mwandishi alimweleza yote: inachofanya ikilipiwa, isichofanya isipolipiwa, gharama yake kwa mwaka, na kwamba kwa mwenye gari mpya kampuni huenda ikampa muda mwingine wa majaribio akijiandikisha. Kijana akatoa simu, akapiga hesabu kimya kimya, akalinganisha na bei ya seti ya matairi ya theluji.

"Kwanza matairi," alisema.

Walikubaliana bei. Ilikuwa Jumamosi, na kwa sheria ya Ohio sahihi ya muuzaji kwenye hati ya gari lazima ishuhudiwe na mthibitishaji, kwa hiyo wakaharakisha kwenda benki kabla haijafungwa saa sita.